Vijana wa karakana ya maktaba wanaunda kabla ya kuuliza. Nifanyeje?

Binti wa Mkomani

Assalaam aleikum jamaa wa humu, na wasio wa salamu hiyo hamjambo.

Mimi ni msaidizi wa mkutubi hapa Lamu. Nyuma ya rafu za vitabu vya watoto tuna chumba kilichokuwa stoo ya magazeti ya zamani. Tumekisafisha, tumetia meza mbili ndefu, na sasa tunakiita karakana. Shirika moja lilituletea printa ya 3D, vibodi vya micro:bit (vikompyuta vidogo vya kujifunzia), bunduki za gundi ya moto na mafunzo mafupi, kisha likaaga. Jumamosi baada ya madrasa nakuwa na vijana wa Gredi ya 7 hadi Kidato cha Tatu, wavulana na wasichana, na mimi peke yangu.

Kwenye mafunzo tulipewa zile hatua tano za Chuo Kikuu cha Stanford: umwelewe mtu, utambue shida yake, utoe mawazo mengi, uunde mfano wa harakaharaka, halafu umpe aujaribu. Nimeziandika kwenye manila na kuzibandika ukutani. Vijana wamezikariri. Ukimuuliza yeyote hatua ya tatu ni ipi, anakujibu kabla hujamaliza swali. Kisha wanaziacha palepale ukutani na kukimbilia gundi.

Nikiwaambia watafute shida ya kutatua, wananiletea "uchafuzi wa mazingira". Kila kikundi. Na dawa yake kwa kila kikundi ni chupa za plastiki: boti ya chupa, ua wa chupa, kiti cha chupa. Siwalaumu sana. Hawa ni watoto walioshuhudia Flipflopi, jahazi la mita 9 la plastiki iliyookotwa, likiteremshwa majini hapahapa 2018, na mwaka uliofuata likatweka tanga hadi Unguja. Mtoto wa Lamu utamwambia nini kuhusu plastiki? Lakini nikiuliza, "Boti yenu hii ni ya nani? Nani atapanda, anakwenda wapi?" wananitazama tu.

La pili ni urembo. Wakishaunda kitu hawataki kiguswe. Wasichana wawili waliunda pipa la taka la kadibodi, wakalipaka rangi, wakalichorea nakshi za milango yetu. Zuri, wallahi. Nikawaambia walipeleke kwa mama wa jirani alitumie kidogo, mmoja akalikumbatia: "Ataliharibu!"

Na printa. Wote roho zao ziko kwenye printa. Kitu cha ukubwa wa kikombe kinakula saa kadhaa, stima ikipotea katikati basi. Mmoja anachapa, wengine wote wameinamia kioo wanatazama uzi wa plastiki ukizunguka.

Wazee wa magazeti wa chumba cha mbele nao wameshaanza kunung'unikia kelele, lakini hao nitajuana nao.

Ninachouliza: unamfundishaje kijana wa miaka 13 hadi 17 aanze na mtu, na akubali kuunda kitu kibovu cha kujaribia, bila kuigeuza karakana kuwa darasa jingine? Naomba aliyefanya kwa mikono yake anijibu. Ya vitabuni ninayo.

Kijana wa Langoni

Dada, wape micro:bit waunde roboti, mambo ya kuhojiana waachie watu wa mashirika. Kijana anataka kitu kinachowaka taa. Mimi ningepata karakana ya hivyo nikiwa Kidato cha Pili ningehamia na godoro. Na kama hiyo printa imekushinda sema, nije na mkokoteni.

Maalim wa Randa

Waaleikum salaam binti yangu.

Nimesomesha ufundi wa mbao tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia 1985 mpaka nilipostaafu. Nianze na hao wasichana wawili na pipa lao, maana shida yako kubwa iko pale.

Sisi tulifundisha hivi: mchoro mmoja ubaoni, vipimo vilevile, darasa zima linatoa kibao kilekile. Alama zilikwenda kwa maungo yaliyokaza na msasa uliopigwa ukatosha. Hakuna mtahini aliyeuliza kibao ni cha nani, atakatia nini, mkono wake una nguvu kiasi gani. Wazazi wa hao vijana wako wamepita humo. Kwao kazi ya shule ni kitu kilichomalizika, kikapigwa vanishi, kikawekwa juu ya kabati mgeni akija aonyeshwe. Mtaala umebadilika, macho ya nyumbani bado yaleyale. Binti aliyelikumbatia pipa anajua vizuri kitakachosifiwa.

Na wapo watakaokuambia, mbona mafundi wa Matondoni wanaunda jahazi bila mchoro wa karatasi, wanapima kwa jicho, na chombo kinakwenda? Kweli hawachori. Lakini fundi yule ameona mataruma (mbavu za chombo) mangapi yakikaa na mangapi yakikataa, tangu akiwa mtoto wa kushika nyundo kwa baba yake. Majaribio yake yamo kichwani na yalilipiwa kwa mbao za watu. Kijana wa miaka 14 hana kichwa hicho bado. Kadibodi inamwezesha kukosea mara nyingi kwa bei ya bure.

Sasa cha kufanya. Acha kuwaambia watafute shida. Ukimwambia kijana atafute shida atakuletea ile aliyoisikia redioni. Mpe mtu. Mtu mmoja, anayeishi karibu, ambaye kijana anaweza kumrudia tena na tena bila nauli. Hapo sisi wa Lamu tumeneemeka, mji hauna magari, kila mtu yuko umbali wa miguu. Nilipoombwa kusaidia vijana wa mtaani kwetu sikuwagawia mada, niliwagawia watu: kikundi kimoja bibi anayeshona kofia, kingine mchukuzi wa punda, kingine muuza viazi karai.

Nikupe ya bibi wa kofia kwa urefu, uone.

Bibi anashona kofia za vito, zile za matundu madogomadogo, na macho yamechoka. Vijana walikwenda na swali lao: "Bibi, ungependa tukuundie nini?" Akawajibu kitu cha kumsaidia kutunga uzi kwenye sindano. Mtu mzima akiulizwa hivyo na mtoto atatafuta jibu lolote asimrudishe mikono mitupu. Wakarudi mbio wakitaka waya waanze kukunja. Nikawarudisha kwa bibi. Nikawaambia safari hii msiulize mnachoweza kumpa. Semeni, "Bibi, tuonyeshe kazi yako," mkae, muandike mikono yake inafanya nini.

Wakakaa. Kumbe sindano si tabu hata kidogo, mjukuu wake humtungia nyingi asubuhi kabla ya shule na kuzichomeka kwenye kitambaa. Kilichomtesa ni kwamba kila baada ya vishono vichache aliinua kofia, akaielekeza kiwanda (ule ua wa ndani wa nyumba zetu, kwa wasio wa huku), akaitazama kwenye mwanga, akairudisha mapajani. Kwa nini asikae kiwandani penyewe? Jua linampiga kichwa. Na dakani, pale barazani mlangoni, je? Dakani watu wanapita, na yeye hapendi kujistiri siku nzima akiwa kazini. Hayo yote alipoulizwa hakuyasema, kwa sababu hakuyahesabu kuwa shida. Ndiyo maisha yake.

Hapo ndipo nikawaandikisha sentensi moja: *Bibi anahitaji kuyaona matundu ya kofia akiwa amekaa mahali pake, kwa sababu mwanga uko mahali asipoweza kukaa.* Tazama, haina taa, haina sola, haina kifaa chochote. Kijana akitia jina la kifaa ndani ya sentensi mrudishe aandike upya, hata anune.

Kisha kila mmoja na karatasi yake. Kunja mara tatu upate vyumba vinane, kila chumba wazo moja, dakika nane, na wachore kwa wino ili wasifutefute. Vyumba vya kwanza vyote hujaa taa za sola. Usiseme kitu. Ngoja vile vya mwisho, kijana ameshaishiwa na yale ya kila mtu na dakika zinakwisha. Mmoja akachora sinia la kuweka mapajani, lenye ukuta uliobandikwa ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, upokee mwanga wa kiwanda na kuurushia kofia.

Wakaliunda kwa boksi la biskuti na selotepu. Lilikuwa baya la kutia aibu, na rangi nikaikataza. Hiyo ndiyo sheria pekee ninayoishikilia kwa fimbo: toleo la kwanza halipakwi rangi, halipewi jina, haliandikwi majina ya walioliunda. Kitu kikishapambwa mtu anakiogopea.

Wakati wa kujaribu masharti ni kumkabidhi mtu, kunyamaza, kutoeleza. Bibi akaliweka kinyume! Ukuta ukawa upande wake, akatia nyuzi zake humo akaendelea kushona. Vijana walikuwa wakichomwa na maneno, nikawakazia macho. Baadaye akaligeuza mwenyewe, mwanga ukampiga kofia, akacheka. Kisha akalalamika kuwa linamteleza mapajani. Toleo lililofuata likawa na kipande cha gunia chini. Lililofuata hilo likawa na ukuta wa kukunjika kwa bawaba ya kitambaa, maana mwanga wa asubuhi na wa alasiri hauji kwa pembe moja. Na ile kuliweka kinyume hawakuitupa: bibi alikuwa anatafuta mahali pa nyuzi, wakamtilia kisanduku pembeni.

Kikundi cha punda kilikuwa na kazi ngumu zaidi kwa sababu mwenye shida hasemi. Mchukuzi aliapa punda wake hana tabu. Nikawaambia muulizeni punda, yaani mtazameni mgongo: manyoya yamekwisha wapi, ngozi imechubuka wapi. Mzigo wa shogi (ile mifuko ya mzigo ya punda) haufai kulalia uti wa mgongo, unatakiwa uegemee pande mbili juu ya mbavu, na ule wa kwao ulilalia uti. Wakashona mito miwili ya gunia iliyoachana katikati. Sasa utajuaje inakaa vizuri? Walipaka chaki ya unga chini ya mito, wakamtembeza punda hadi gatini na mzigo mwepesi, wakafungua watazame chaki imefutika wapi na imebaki wapi. Mfano ule ulikuwa na swali moja tu: unagusa wapi? Kila mfano uwe na swali lake moja, waliandike juu ya kadibodi kwa kalamu nene kabla ya kukata. Kijana asiyeweza kuliandika bado hajui anachokiunda. Hospitali ya punda ipo mjini tangu 1987, wapeleke, watajifunza kwa wanaojua zaidi yangu.

Printa ifunge kwa ufunguo mpaka kitu kifike toleo la tatu. Printa hutoa kitu kinachoonekana kimekamilika hata kikiwa upuuzi. Na ule uzi wake usiuache wazi, unyevu wa hewa yetu unauingia, ukichapa unatoka na vipovu na nyuzinyuzi. Tia kwenye ndoo ya kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Wazee wa magazeti usijuane nao peke yako. Wape kikundi kimoja.

Mkutubi Malindi

Hodi humu. Maalim shikamoo. Nakubaliana nawe kwa mengi, ila kumkabidhi kijana mtu siku ya kwanza kwangu kuliwafukuza. Wengi hawaji maktabani kwa sababu ya kumsaidia mtu, wanakuja kwa sababu rafiki yao yupo na pana feni. Chicago walipofungua YOUmedia, nafasi ya vijana, ndani ya maktaba kuu ya jiji, Harold Washington, 2009, walifuata utafiti wa Mizuko Ito na wenzake uliotofautisha namna tatu za vijana: kukaa tu na wenzao, kuchezeachezea vitu, na kuzama. Wakaachia nafasi kwa zote tatu. Mimi niliiga kwa uwezo wetu. Karibu na mlango nina meza ya kufumulia: redio zilizokufa, feni, tochi, simu za vibonyezo, na bisibisi. Mtu aingie afumue, asiulizwe kitu. Wanaozama utawaona wenyewe, ndio hao unaowapa mtu.

Kabla ya hapo kuna mchezo mmoja, wengine mnaujua: mnara wa spageti. Aliuanzisha Peter Skillman, na Tom Wujec akausambaza kwa hotuba yake ya TED mwaka 2010. Kila kikundi kinapata spageti 20, yadi moja ya utepe, yadi moja ya uzi na peremende moja laini ya kukaa kileleni, dakika 18. Watoto wa chekechea huwapita wahitimu wa shule za biashara. Wale wakubwa wanapanga, wanabishana nani kiongozi, wanajenga, na peremende wanaiweka dakika ya mwisho, mnara unalala. Watoto wanaanza na peremende, wanaiweka tena na tena, wanaona mapema.

Malindi spageti si tatizo, Waitaliano wametuzoesha hata dukani kwa Mpemba utaipata. Tatizo ni mama mmoja aliyeingia akakuta watoto wanavunja chakula sakafuni. Alikuwa na haki. Sasa natumia chelewa za fagio, na badala ya peremende naweka ndimu. Imekuwa mchezo mwingine kidogo: spageti huvunjika kwa mlio, chelewa hupinda polepole. Kikundi kinashangilia, kinageuka kupiga picha, kikirudi mnara umeinama kama mnazi wa ufukweni. Hiyo dakika ya ziada ya kungoja nimeiongeza kwenye sheria, mnara usimame mpaka nimalize kuita majina yote.

Kijana wa Langoni usimcheke sana, ana hoja. Micro:bit ilibuniwa kwa watoto wa shule, 2016 Uingereza waligawia karibu watoto milioni moja. Ina vitaa 25, vibonyezo viwili na kihisio cha mtikisiko humohumo, huhitaji kuchomelea waya. Lakini iite pale swali linapoitaka. Vijana wangu walitaka kuunda mashine ya kumwambia msomaji kitabu kipo au hakipo, wakaanza kubishana kuhusu programu. Nikatoa boksi la friji, nikamwingiza kijana mmoja ndani na orodha ya vitabu, tukakata tundu mbele. Msomaji anaandika karatasi, anaitia tunduni, "mashine" inajibu. Kabla ya saa moja walishajua kwamba karibu hakuna anayeandika jina la kitabu. Wanaandika "kile chekundu cha hadithi za majini" au "cha hesabu cha dada yangu". Programu waliyokuwa wanataka kuandika ingekuwa ya kutafuta kwa jina. Wangeiandika muhula mzima.

Halafu nina wivu na bibi wenu wa kofia. Sisi huku tumekaa jirani na kituo cha Waitaliano cha Ngomeni, palipotoka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, na bado kijana wa Malindi ukimwambia "unda" anadhani unamsemesha mgeni. Tekinolojia kwake ni kitu kinachorushwa na watu wengine. Ndiyo maana sikubali printa ifungwe moja kwa moja. Waione ikifanya kazi, waichezee, kisha ifungwe.

Mama Watatu

Mimi ni mzazi tu, mwanangu mmoja ni wa hapo karakanani. Juzi karudi nyumbani, kakaa jikoni na daftari, ananitazama napika hasemi. Nikamuuliza una nini, ananiambia "Mama endelea tu." Nilidhani nimekosea kitu! Sasa ndiyo naelewa.

Mawili lakini. Hayo ya kupeleka watoto majumbani kwa watu, mabinti wasiende bila mtu mzima wa kike, na mzazi ajue ni nyumba gani kabla, asipate habari kwa jirani. Na wawe wamerudi kabla ya magharibi. La pili, baba yao anauliza kuna cheti? Nimjibu nini?

Binti wa Mkomani

Ahsanteni sana. Maalim shikamoo, nimesoma jibu lako mara mbili, moja kwa sauti mbele ya vijana. Kile kipande cha sinia kuwekwa kinyume walikicheka mpaka mzee mmoja akapiga meza chumba cha mbele.

Mama Watatu, cheti hakipo. Mwambie baba aje Jumamosi, kijana atamwonyesha daftari: alimtazama nani, aliona nini, alibadilisha nini na kwa nini. Walimu wake wa sayansi na ufundi wanaweza kulitazama vilevile, mtaala wa sasa unataka kazi za namna hiyo. La mabinti umesema kweli. Nimeandika barua ya ruhusa yenye jina la mtaa na nyumba, na dada yangu amekubali kufuatana nao.

Wazee wa magazeti nimewapa kikundi, kile cha wasichana wa pipa. Walikwenda na "Mzee, tuonyeshe unavyosoma." Nilitegemea shida iwe kelele zetu. Wamerudi na daftari limejaa jambo jingine: wazee wanne wanagombea gazeti moja, anayezipata kurasa za vifo na mpira hazitoi, na anayengoja ndiye anayesikia kelele. Aliye na gazeti mkononi hasikii kitu. Sentensi yao bado ina kifaa ndani ("wanahitaji kigawa gazeti"), nimeirudisha, wamenuna kama ulivyosema.

Nimebaki na swali moja kwa Maalim na dada wa Malindi. Kijana akijaribu na mtu akakikataa kitu kabisa, namfanya nini? Nina mmoja alimwundia muuza maji kishikio cha dumu, kikamkata vidole, muuza maji akakirusha chini. Kijana hajaja tena Jumamosi.

Mkutubi Malindi

Mfuate kwao, usimwite kwa ujumbe. Na usianze na kishikio. Mwambie unahitaji mtu wa kukusaidia kupanga meza ya kufumulia. Akishashika bisibisi ataliuliza mwenyewe.

Maalim wa Randa

Marahaba.

Kishikio chenyewe kiko wapi? Kama kilibaki kwa muuza maji kakitafute kabla hakijatupwa. Mimi nina rafu ya vitu vilivyokataliwa, kila kimoja na karatasi yake: nani alikitumia, kilifanya nini, mkono ulikwenda wapi. Vyangu mwenyewe vimo, vya mbao, tena vimepigwa msasa. Kijana mpya akija namwanzishia hapo, na aliyekataliwa naye anakuta chake kimekaa na vya wengine. Cha huyo wako kinasema jambo la maana kuliko vilivyokubaliwa: dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20, na upana wa kishikio ndio unaoamua kilo hizo zinakaa wapi kwenye kiganja. Akirudi mpe kipande cha mpini wa jembe, bomba la maji na kamba iliyosokotwa, abebe dumu lilelile kwa kila kimoja kutoka maktabani hadi gatini, achore kwenye kiganja chake panapouma. Asiunde kitu siku hiyo.

Hao wa gazeti waulize wazee wanaanza na ukurasa gani. Huenda gazeti likatosha kwa kufunguliwa pini tu.

Visu vya karatasi kausha na ufute mafuta kidogo kila mkimaliza, chumvi inavila. Kukata ni kwa rula ya chuma, si ya plastiki, na mkono wa pili ukae nyuma ya kisu. Kuhusu maboksi, duka la jumla lililo nyuma ya soko hutoa mengi, lakini wapeleke vijana kabla ya adhuhuri. Wakichelewa watakuta punda wameshayala.